Jangwa letu liko bondeni



Mwanzoni mwa likizo hii mmoja wetu alitumiwa picha kwenye simu na binamu yake, mfanyabiashara wa nguo hapa Tunduma ambaye hufuata mzigo Dubai. Ni picha ya hoteli katikati ya mchanga mtupu. Kuna bwawa la kuogelea, mitende iliyopangwa kwa mstari, mahema yenye kiyoyozi, na ngamia wawili waliopiga magoti wakisubiri wageni. Chini yake limeandikwa tangazo la siku tatu za kupumzika jangwani, chakula ndani ya bei. Binamu akaongeza maneno yake: "Frateri, si ninyi mnaosoma habari za jangwani kila siku? Jangwa lenyewe ndilo hili."

Tulicheka, lakini picha hiyo ilitukuta pabaya. Siku hiyohiyo sisi mafrateri watano wa falsafa, wote wa kutoka Tunduma na vigango vya jirani, tulikuwa tumekaa na daftari tukipanga safari yetu fupi, na juu ya ukurasa tulikuwa tumeandika kwa herufi kubwa: MAFUNGO YA JANGWANI. Tulitaka kwenda bonde la Rukwa, siku tatu. Kwenye orodha yetu palikuwa na Kimondo, maji ya chumvi ya Ivuna, ziwa, mbuzi mmoja wa kuchoma na mpira wa miguu. Sala zilikuwamo pia, ila ukihesabu saa kwa saa, mbuzi alikuwa amepewa muda mrefu kuliko Zaburi.

Makala hii inatokana na aibu iliyofuata. Tunaiandika kwa sababu tunadhani si aibu yetu peke yetu.

Tulipeleka bajeti kwa wenyeviti wa jumuiya tatu tukiomba watuchangie mafuta ya gari. Neno mafungo lilifanya kazi yake, na fedha zikaanza kuja. Kisha mama mmoja wa jumuiya, anayeuza chakula karibu na foleni ya malori ya kwenda Nakonde, akatuuliza mbele ya watu baada ya sala ya jumuiya: "Frateri, mhubiri wa hayo mafungo ni nani?" Tukatazamana. Hatukuwa na mhubiri. Akaendelea kwa upole, bila kejeli, na hilo ndilo lililouma zaidi: "Basi mnakwenda kupumzika. Mimi sikatai. Ila niambieni, ninyi mnapumzika nini?"

Tulirudi nyumbani kimya. Swali lake lina sehemu mbili, na tutalijibu kwa sehemu zote mbili, kwa kuwa siku ile hatukulijibu hata moja.

Kwanza, tunapumzika nini. Ni kweli kwamba frateri hali jasho la kubeba magunia. Analala penye paa, anakula kwa saa, na kengele ndiyo inayomfikiria. Anayekaa jikoni tangu saa kumi alfajiri akichemsha maharage ya madereva ana haki ya kushangaa. Hata hivyo kuna uchovu usioonekana mikononi. Mmoja wetu alipofika nyumbani likizo hii alilala siku nne mfululizo, akiamka kula na kurudi kitandani. Baba yake akaamini ni malaria, akamkokota hadi zahanati, wakampima, hakuna kitu. Mganga akamuuliza anafanya kazi gani. Akajibu, "Nasoma." Mganga akamtazama baba, baba akatazama ukuta. Mzee huyo ameendesha malori ya shaba miaka mingi, amelala chini ya tela Kapiri Mposhi na Kasumbalesa, na sasa anaambiwa mwanaye amechoshwa na Kant.

Hatuombi mtu atuhurumie. Tunasema tu kwamba akili ni sehemu ya mtu, na ikikazwa bila kulegezwa hukatika. Mtakatifu Thomas wa Akwino, ambaye hakuna atakayemwita mvivu, analieleza jambo hili katika Summa pale anapouliza kama kunaweza kuwa na fadhila katika michezo. Anakumbusha kisa cha zamani cha Mtakatifu Yohane Mwinjili: watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake, naye akamwomba mmoja wao aliyebeba upinde apige mshale, kisha mwingine, kisha mwingine. Akamuuliza kama anaweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Yohane akamwambia roho nayo ni vivyo hivyo. Mahali pengine katika Summa hiyohiyo Thomas anauliza kama usingizi na kuoga vinapunguza huzuni, na anajibu kwamba ndiyo, vinapunguza. Tulipolisoma hilo darasani mara ya kwanza tulidhani mwalimu anatutania. Mwalimu Mkuu wa Kanisa ameacha kwa muda habari za Utatu Mtakatifu ili kutetea kuoga!

Na kwa wapenzi wa maneno: neno letu shule tulilipata kwa Wajerumani, wao walilipata katika Kilatini, na Kilatini kililitoa katika neno la Kigiriki lenye maana ya nafasi, wakati ambao mtu hasongwi na shughuli. Kwa Aristotle tunajishughulisha ili tupate nafasi hiyo, maana ndani yake mtu hutazama ukweli kwa ajili ya ukweli. Sisi tumeigeuza shule kuwa mahali pa kukosa nafasi kabisa. Lakini tusiende mbali, hilo ni kosa la ratiba na tuna walezi wanaolifahamu.

Kwa hiyo pumziko ni haki. Tulikosea kulivalisha kanzu. Tuliliita mafungo kwa sababu tuliogopa kwamba matembezi hayachangiwi. Nasi tumejifunza hofu hiyo mahali fulani. Katika parokia nyingi tunazozifahamu, kila anayetaka kutoka kidogo hutafuta jina takatifu. Kwaya ikitaka kuona ziwa, inaita safari ya uinjilishaji. Vijana wakitaka kucheza mpira na parokia jirani, inaitwa kongamano. Wakati mwingine ni kweli uinjilishaji, na kongamano ni kongamano. Wakati mwingine ni soda na picha. Soda na picha si dhambi, lakini kumchukulia mjane shilingi elfu mbili kwa jina la mafungo halafu ukanunulia mbuzi, hilo lina jina lake katika amri ya nane, na pengine katika ya saba.

Tulikwenda kwa Paroko kueleza. Alitusikiliza, akauliza swali moja tu: fedha ziko wapi? Zilikuwapo, hazijaguswa. Akatuagiza turudi jumuiya kwa jumuiya, tuseme kwa mdomo wetu kwamba ni matembezi, na kila anayetaka chake arudishiwe. Tulifanya hivyo jioni tatu. Watu wanne walichukua fedha zao, na tunawashukuru, kwa sababu walituamini kiasi cha kutuonyesha kwamba wamekasirika. Wengine wakasema tuendelee. Mzee mmoja akasema laiti tungesema matembezi tangu mwanzo angetoa zaidi, kwani mafungo yetu yanamchosha.

Sasa, kwa nini bonde la Rukwa, wakati watu wa mkoa huu wakisema kupumzika hufikiria Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na wenye uwezo wakifikiria Zanzibar au hilo jangwa la Dubai? Hapa tuna maoni yetu, na tutayatetea.

Jangwa la Maandiko si lazima liwe mchanga. Katika Injili ya Marko, mitume wanarudi kutoka kazini, hawana hata nafasi ya kula, na Yesu anawaita kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo. Neno la Kigiriki hapo ndilo lilelile la jangwa. Lakini soma aya chache mbele: anapowaketisha watu kabla ya kugawa mikate, Marko anasema waliketi penye majani mabichi. Jangwa lenye majani! Maana yake ni mahali ambapo shughuli za watu zimekoma, ambapo hakuna anayekuuzia wala kukudai. Kwa kipimo hicho, hoteli yenye bwawa na ngamia wa kukodi ni mji uliohamishiwa mchangani, na mtu anaweza kukaa humo siku tatu asiwe jangwani hata dakika moja. Tunasema hivi bila kumlaumu binamu. Aliyeona foleni ya malori ya Tunduma kila siku ya maisha yake ana haki ya kutamani bwawa.

Wale Mababa wa Jangwani wenyewe, kule Misri katika karne ya nne, wengi waliishi Sketi, bonde ambalo leo huitwa Wadi Natrun. Limepewa jina la magadi, kwa sababu lina vidimbwi vya maji ya magadi na chumvi. Hadi leo kuna monasteri nne za Wakopti ndani yake. Ziwa Rukwa nalo ni ziwa la magadi, lenye kina kifupi, na halina mto unaotoka. Maji yakishaingia, jua ndilo linaloyatoa. Ukisimama ukingoni mwa nyanda za juu za Mbozi, mahali penye kahawa na baridi ya kipupwe, ukatazama chini, unaliona bonde limelala jeupe kwa vumbi na joto. Hilo ni jangwa la kututosha sisi. (Mgeni aangalie asichanganye. Mito inayoitwa Songwe ni miwili. Mmoja unatiririka kwenda Rukwa, mwingine unakwenda Ziwa Nyasa ukiwa mpaka wetu na Malawi. Mmoja wetu amefika miaka ishirini na mitatu ya umri akidhani ni mto mmoja wenye tabia ya ajabu.)

Njia yetu ni hii. Kutoka Tunduma tunapita Mpemba na Vwawa kwa barabara kuu, na tunaiacha lami kidogo kwenda kijiji cha Ndolezi, palipo na Kimondo cha Mbozi. Watu wa nje walikiandika mwaka 1930. Ni chuma kitupu chenye nikeli kidogo ndani yake, urefu wake unakaribia mita tatu, uzito unakadiriwa kuwa tani 16. Walipochimba kukizunguka waliacha udongo chini yake kama nguzo, wakaijengea, na hivyo kimekaa juu ya kiti chake kama mzee wa baraza. Tunaona haya kusema kwamba kati yetu watano ni wawili tu waliowahi kukiona, na wote wawili kwa ziara ya shule ya msingi.

Kisha Mlowo, na hapo tunashika barabara ya kuteremka bondeni hadi Kamsamba, ambako Daraja la Momba linatuunganisha na wenzetu wa mkoa wa Rukwa. Huko chini Wamisionari wa Afrika walikuwa na misioni Mkulwe kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mtu akifikiria homa na joto la bonde lile bila chandarua wala dawa tulizo nazo leo, ataona aibu kulalamika juu ya vumbi.

Mwisho ni Ivuna. Tungependa kila msomaji wa mkoa huu alijue jina hili. Kwanza, ni mahali pa chumvi. Wanaakiolojia waliopachimba katika miaka ya 1960 walikuta mabaki ya watu waliochemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi tangu yapata karne ya 13. Kabla ya mpaka kuwapo, kabla ya Tunduma kuwapo, biashara ilikuwapo. Pili, tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapo kimondo kingine. Hiki hakijulikani na wengi nyumbani. Kilichookotwa kilikuwa gramu 705, hata kilo haitimii, na si chuma, ni jiwe jeusi laini. Lakini wataalamu wa vimondo duniani kote wana kundi zima la mawe adimu wanaloliita kwa herufi mbili, na herufi ya pili ni ya Ivuna. Ndani ya mawe hayo viambato vimebaki karibu kama vilivyokuwa mwanzo wa mfumo wa jua. Chombo cha Wajapani, Hayabusa2, kilipoleta mchanga wa kisayari Ryugu mnamo Desemba 2020, wachunguzi waliona kwamba unafanana sana na kundi hilo la Ivuna. Wametumia miaka sita kwenda na kurudi kuchukua kitu ambacho mfano wake ulikuwa umeshaanguka Momba.

Tani 16 zinapigiwa picha, gramu 705 zinafundisha ulimwengu. Tungeweza kuhubiri juu ya hilo, lakini tumeshaahidi kwamba hii si safari ya mahubiri.

Sasa tujipinge wenyewe kidogo, maana mwanafalsafa asiyejipinga hupingwa na mama wa maharage. Evagrio, mmoja wa wale wamonaki wa Misri, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya pepo wa adhuhuri. Huyu humjia mmonaki jua likiwa utosini, humfanya aone siku ni ndefu mno, achungulie dirishani, achukie chumba chake, awaze kwamba mahali pengine angemtumikia Mungu vizuri zaidi. Dawa ya Evagrio ni kubaki chumbani. Je, safari yetu si pepo huyo aliyekodi gari?

Tumelijadili hili kwa uzito, na mmoja wetu karibu ajitoe kwa sababu yake. Jibu tulilofikia ni kwamba pepo wa adhuhuri ana alama zake. Anataka uondoke sasa hivi, katikati ya kazi, bila kumwambia mtu, na hana tarehe ya kurudi. Pumziko la halali linaomba ruhusa, linapangwa, lina mwisho, na linakurudisha palepale ulipotoka. Kwa hiyo kupanga si jambo dogo. Daftari lenye bajeti, siku ya kwenda na siku ya kurudi, na jina la kweli juu ya ukurasa, vyote hivyo ni namna ya kumfungia pepo mlango. Ndiyo maana kosa la jina lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani. Tuliufunga mlango tukauacha ufunguo nje.

Turudi kwa yule mama, kwa kuwa swali lake lilikuwa na sehemu ya pili ambayo hakuitamka. Alipouliza ninyi mnapumzika nini, alikuwa anauliza pia: na mimi je?

Sheria ya Kanisa, kanuni ya 283, inawapa makleri haki ya likizo ya kutosha kila mwaka. Sisi bado si makleri, hatudai. Lakini kanuni ya 1247 inahusu waamini wote, na inasema kwamba Jumapili na sikukuu waache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku ya Bwana, na pumziko linalofaa la mwili na akili. Mara nyingi tunahubiri nusu ya kwanza: njoo Misa. Nusu ya pili, kapumzike, haisikiki Tunduma. Mpaka haujui Jumapili. Dereva aliyefika Jumapili anakula Jumapili, na asiyepika siku hiyo anampoteza mteja wa Jumatatu. Hatuna suluhisho la jambo hili, na hatutajifanya tunalo. Tunasema tu kwamba parokia inayojua kuchangia mafungo ya mafrateri, mahafali ya mafrateri na daraja za mafrateri, haijawahi, kwa kumbukumbu yetu, kukaa kikao kupanga siku moja ya kupumzika kwa akina mama wanaozichanga fedha hizo. Tulipotaja hili kwa mara ya kwanza mezani, tuligundua kwamba hata sisi, watoto wao, hatujawahi kuliwaza.

Tulimwendea pale pale kwenye masufuria. Tukamwambia, "Mama, shikamoo. Tumebadilisha. Ni matembezi." Akasema marahaba, na kwamba ameshasikia. Tukamwuliza kama amewahi kukiona Kimondo. Akasema amekaa Tunduma tangu walipomwoa, watoto wake watatu wamekwenda na shule, wamemletea hadithi. Ivuna hajawahi kuisikia. Tukamwuliza kama angekuja. Alituangalia kwa muda, akakoroga sufuria, akasema: "Siku tatu siwezi. Moja naweza, kama dada yangu atashika jiko."

Hilo limeiharibu bajeti yetu yote, na tunamshukuru Mungu. Safari sasa ni ya siku moja, kwenda na kurudi. Ivuna ni mbali mno kwa siku moja na akina mama, kwa hiyo bonde tutalitazama kutoka juu tu, na sisi watano tutaomba ruhusa ya kulishuka mwakani. Badala ya Noah tunahitaji Kosta, kwani mama huyo aliwaambia wengine wawili, na hao wakawaambia wengine. Mbuzi amebaki. Mpira umeondolewa. Misa itakuwa asubuhi parokiani, kama siku zote, kabla ya kuondoka. Tumechagua Jumanne, siku ambayo akina mama wenyewe walisema haiwaumizi sana.

Daftari lina jina jipya juu ya ukurasa: Matembezi ya Ndolezi. Nafasi ni 28 na waliolipa ni 21. Mwenyekiti wa Mtakatifu Yosefu anapokea majina hadi Ijumaa jioni, na asiye na nauli aseme tu, kwa sababu wale wanne waliochukua fedha zao wawili wamezirudisha.